Kopo la Unga wa Manjano

Mwaka ule serikali ilipochukua maduka ya wageni na kuwagawia wananchi, kuku wa Eulalie walianza kufa, na mimi nikaambiwa nihame. Mambo hayo yamefungamana, na nitayasema jinsi yalivyokuja, kwa sababu pale kwenye avenue yetu yamesimuliwa sana na watu ambao hawakuwepo.

Jina langu ni Emérence. Mimi ni mkunga wa maternité, hospitali ya wazazi, mzaliwa wa Kamituga, Mrega wa msituni kwa baba na kwa mama. Enzi zile za Zaïre majina ya ubatizo yalipigwa marufuku, kwa hiyo kazini niliitwa Citoyenne Bitondo, raia Bitondo, nami nikaitika. Lakini ndani ya parcelle, kiwanja tulichokaa, Emérence alibaki Emérence. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Eulalie, kule Kadutu, mjini Bukavu, mahali ambapo ukipanda juu ya jiwe la kufulia unaona kipande cha ziwa. Nilivipenda vyumba vile, sifichi. Nilivipaka chokaa kwa mkono wangu mwenyewe, nikavitundikia mapazia. Baada ya miaka mingi ya kulala kwa ndugu, kwa masista na kwa marafiki, hapo ndipo mahali pa kwanza nilipofunga mlango nikasema: huku ni kwangu.

Mwenye parcelle, Eulalie, alikuwa Mshi wa Walungu, kabila la wafuga ng'ombe, mama wa kimo na kifua, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde bila kuchoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba jambo akilisema mara mbili tayari limekuwa kweli. Mumewe, Papa Gérard, alikuwa karani, mtu wa maneno machache na hamu kubwa ya chakula.

Sote wawili tulifuga kuku. Wa kwake walikuwa weupe, wakubwa, aliowaleta Kavumu wakiwa vifaranga na kuwalea kama watoto wa chifu. Kila mmoja alikuwa na jina, na jogoo wao aliitwa Président wa Walungu, hadi Papa Gérard alipomwomba mkewe amtafutie jina jingine kabla hatujaingia wote gerezani. Wangu walikuwa wa kienyeji tu, wachache, wa kila rangi, wakali. Banda lake lilikuwa nyuma ya jiko lake; langu lilikuwa ubavuni mwa chumba changu. Mchana wote walichanganyika, wakagombana, wakanywa maji machafu pamoja, na hapo ndipo ugonjwa uliposhika pande zote mbili.

Ulianza kwa kuku kujikunyata. Ukimshika unasikia joto. Zile ndevu nyekundu za chini ya mdomo zikavimba na kugeuka rangi ya zambarau, mavi yakawa ya kijani, pumzi ikakoroma. Watu wa avenue wakasema ni ule ugonjwa wa kufagia, ule unaopita na kuacha mabanda matupu, chinjeni mle. Mimi nikasema hapana. Ule wa kufagia naujua, haukupi muda hata wa kuchemsha maji, na dhidi yake hakuna dawa. Huu ulikuwa unakuja taratibu, tena unavimbisha. Huu ulikuwa na dawa, na dawa yenyewe niliijua kwa sababu dada yake mkubwa tulikuwa naye maternité, ndani ya vile vidonge vya rangi mbili.

"Basi uchukue kule ku kazi," Eulalie aliniambia. "Iko mingi. Nani atahesabu?"

"Maman Eulalie, dawa ya mama mwenye kuzaa haiingie mu kinywa ya kuku," nikamjibu. "Nitatafuta ya kuku."

Alinuna, lakini hakurudia. Alijua nikisema namna ile sirudi nyuma.

Zamani dawa za wanyama ziliuzwa mjini na Mgiriki mmoja. Dukani kwake ulipata chanjo ya ng'ombe, poda ya viroboto, kila kitu. Sasa Mgiriki amekwenda zake na duka limepewa Citoyen Honoré, ambaye jina lake jipya hakuna aliyelishika, mtu ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa kucheza ngoma vizuri kwenye sherehe za chama. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha Mgiriki, na kando yake makreti ya bia, magunia ya chumvi na pagne za vitenge zilizopangwa mahali pa dawa.

"Citoyen, niko natafuta dawa ya bakuku," nikasema.

"Hapa tunauzisha bière, chumvi na pagne, citoyenne."

"Mugiriki alikuwa anauzisha dawa ya banyama."

"Mugiriki alisha kwenda."

"Yeye alienda. Dawa haikupanda avion."

Alinitazama, akacheka kidogo. Mimi macho yangu yalikuwa tayari yanatembea dukani. Nikaiona. Rafu ya bia ilikuwa imevunjika mguu mmoja, na mahali pa ule mguu pamewekwa kopo la bati, kubwa, lenye picha ya kuku na ya nguruwe. Nilichuchumaa nikasoma. Ilikuwa ndiyo yenyewe, haijafunguliwa, na muda wake haujapita. Nchi nzima inalia haina dawa, na dawa imebeba bia.

"Ile," nikasema.

"Ile? Ile njo inashika étagère!"

"Nitakuletea jiwe."

Hapo akaanza kupata wasiwasi. Mtu aliyepewa duka kwa amri ya juu huogopa kwamba amri nyingine itakuja kumnyang'anya. "Bananiambia ile bintu ya nyuma ni sumu," akasema. "Siwezi kuuzisha bila ordonnance."

"Ordonnance ya kuku?"

"Ya kuku, ya mutu, mimi nataka karatasi. Kesho bakikuja kuniuliza, nitaonyesha nini?"

Ordonnance ni cheti cha daktari, na daktari wa mifugo wa serikali alikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa na kufuli, na gari lake lilikuwa juu ya mawe kwa kukosa magurudumu. Kumsubiri yeye ni kuzika kuku wote. Basi nikatoa kalamu, nikaomba karatasi, nikaandika pale pale kwa mwandiko wangu mzuri wa maternité: mgonjwa, Citoyenne Kuku na wenzake, dawa, hii, mkunga, mimi, sahihi. Sikumdanganya mtu. Kila neno lilikuwa kweli.

Citoyen Honoré alisoma kwa makini mpaka mwisho. "Haina postnom," akasema, akitaka lile jina la nyuma ambalo amri mpya ilimpa kila mtu.

Nikaongeza: wa Kadutu. Akaridhika. Nilitoka nje, nikachagua jiwe zuri kando ya barabara, tukainua rafu, yeye upande wake na mimi upande wangu, nikavuta kopo, nikalipa. Bia haikuanguka hata chupa moja. Nilipanda mlima wa Kadutu na kopo lile kichwani nikiwa na furaha ya mtu aliyevua samaki mkubwa.

Eulalie na mimi tulikuwa tumechanga pesa sawa, kwa hiyo tuligawana sawa. Tulifungulia kopo mezani kwake, Papa Gérard akiangalia. Ndani mlikuwa na unga laini wa manjano. Kijiko kwake, kijiko kwangu, kijiko kwake, kijiko kwangu. Nusu yake ikaingia kwenye chupa ya jam, yangu ikabaki koponi. Nikamweleza: kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa ndoo ndogo ya maji safi, kila asubuhi maji mapya. Kila mtu awanyweshe wake ndani ya banda kabla hajawafungulia, na madimbwi ya uani tuyafukie, maana kuku akishiba maji ya mvua hataonja dawa. Na mayai yasiliwe hadi nitakaposema, kwa sababu dawa hupita ndani ya yai. Eulalie aliitikia kila neno. Uso wake ulikuwa wa mwanafunzi mwema kabisa.

Mimi nilienda zangu kazini. Zamu yangu wakati ule ilikuwa ya asubuhi. Nilitoka kabla Eulalie hajafungua banda lake, nikirudi mchana amekwisha kuwahudumia. Kuku wangu walikunywa, wakanuna, wakanywa tena. Baada ya siku chache uvimbe ukapungua. Mmoja mweusi, ambaye nilikuwa nimeshamwandalia kaburi, aliruka juu ya jiwe la kufulia akanitukana kwa lugha yao. Nikajua tumeshinda.

Kwa Eulalie walikuwa wanakufa. Kila mchana niliporudi nilikuta mweupe mwingine amelazwa juu ya jani la mgomba, na Eulalie amesimama kando yake mikono kiunoni. Nilimuuliza, unawapa? Akasema nawapa. Kijiko kimoja? Kimoja. Kila asubuhi? Kila asubuhi. Nikamwomba nione jinsi anavyofanya, akasema yeye si mtoto wa école primaire.

Siku ya Ijumaa nilirudi nikakuta wanawake wote wa avenue wamejaa kwenye bomba la maji, na Eulalie katikati yao.

"Muone, anakuja!" akapaza sauti. "Muone ule Murega! Alinipa bunga ya mahindi ya manjano, dawa ya kweli akajiwekea. Bakuku bangu banaisha, bake banataga!"

Nilisimama na mkoba wangu wa kazi mkononi. "Maman Eulalie, tuligawana mbele ya bwana yako."

"Nyie batu ya pori munajua kugeuza bintu mbele ya macho ya batu! Dimanche nataka byumba byangu. Ukuje na ufunguo!"

Nilipewa hadi Jumapili. Hakuna aliyenitetea. Wanawake niliowazalisha kwa mikono hii, ambao watoto wao niliwashika kabla mama zao hawajawashika, waliinama wakatazama ndoo zao. Niliingia chumbani nikafunga mlango. Nililia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, lakini nililia. Vyumba vyenyewe mtu hupata vingine. Kilichonichoma ni kwamba nikitoka pale na jina lile, litanitangulia kila mtaa wa Bukavu: mkunga wa kichawi, mkunga mwizi wa dawa. Nani atamwita mkunga wa namna hiyo usiku mkewe akishikwa na uchungu?

Nilipomaliza kulia nikaosha uso, nikaenda kwa Papa Évariste, mkubwa wa avenue. Nilimwambia sitoi ufunguo bila kusikilizwa. Nataka kikao, Jumapili baada ya misa, uani kwa Eulalie, mbele ya yeyote anayetaka kuja.

"Una hakika, mwanangu?" akaniuliza. "Kikao inaweza kukugeukia."

"Nina hakika, papa," nikasema. Nilikuwa na hakika na unga. Hayo mengine sikuwa nayo.

Jumapili walikuja wengi, wamevaa nguo za kanisani, wakakaa kwenye viti, mawe na ngazi. Papa Évariste alikaa kwenye kiti cha mkono, amevaa abacost, lile koti la chama lisilo na tai, iliyobana tumboni, mzee Mshi mwenye heshima zake na ng'ombe wake huko Kabare. Nilikuja na kopo langu. Nikamwomba Eulalie alete chupa yake ya jam.

"Papa, mahindi ni tamu," nikasema. "Hii dawa ni kali sana. Uonje yake, kisha uonje yangu."

Mzee alichovya kidole ndani ya chupa, akalamba. Uso wake wote ukakunjamana. Akatema. Akachovya koponi mwangu, akalamba, akatema mbali zaidi, akaomba maji. Watu wakacheka, hata waliokuja wakiwa na hasira.

"Ni kitu kimoja," akasema alipoweza kusema. "Murega hakubadilisha."

Nilimgeukia Eulalie nikiwa nimeinua kidevu. Nilifikiri tumemaliza. Eulalie alisimama polepole, na safari hii hakupiga kelele, na ndiyo maana watu walimsikia zaidi.

"Kama dawa ni ile ile," akasema, "na bakuku bote banakunywa, bake banapona, bangu banakufa... basi siyo dawa. Ni mutu."

Nilikuwa nimejiondolea wizi kwa mikono yangu mwenyewe na kujivika uchawi. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu yangu alisogeza kiti chake, si mbali, kidogo tu, lakini nilisikia miguu ya kiti ikikwaruza chini. Papa Évariste alitazama viatu vyake.

Aliyeniokoa ni Papa Gérard, na hakuwa na nia hiyo hata kidogo. Alikuwa amekaa kwenye ngazi akisubiri chakula cha Jumapili, na aliona kikao kinarefuka.

"Mimi nasema bakuku bakufe, tumalize," akanung'unika. "Tangu bagonjwe, mu hii nyumba sijaona mashanza. Kila samedi muramu analeta kibuyu nzima toka Walungu, na mimi nakula bugali kavu kama mufungwa. Yote inaenda mu banda!"

Nikamgeukia. "Papa Gérard, unasema nini inaenda mu banda?"

"Mashanza! Maziwa ya mutu muzima, banapewa bakuku!"

Mashanza ni yale maziwa yaliyoganda, mazito, machachu kiasi, ambayo Mshi akiyakosa kwenye bugali hajala. Nilikuwa nimemwona shemeji yake akiingiza vibuyu kila Jumamosi na kila mara nilidhani vinaenda tumboni mwa Papa Gérard. Nikageuka polepole kwa Eulalie.

"Maman, ile kijiko ya dawa, unatiaka mu nini?"

Eulalie alijinyoosha. Hakuona haya, aliona fahari. "Ulisema maji. Mimi nikasema, mugonjwa anapewa maji? Kwetu mugonjwa wa heshima anapewa maziwa. Kama dawa mu maji inaponyesha, mu mashanza itaponyesha zaidi. Nilibanyima hata bwana yangu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka hadi nikashika ubavu, mbele ya kikao, mbele ya mzee, huku machozi yananitoka. Kwa muda kidogo watu walifikiri nimepagawa. Kisha nikawaeleza. Dawa ile na maziwa havipatani. Vikikutana tumboni vinashikana, na dawa haiendi tena kwenye damu. Inapita moja kwa moja na kutoka nyuma. Kila mama tuliyempa vile vidonge maternité tulimwambia, usinywe na maziwa. Siku zote zile Eulalie alikuwa anawalisha kuku wake mashanza matamu na dawa iliyofungwa pingu.

Nilidhani hilo lingetosha. Nilisahau nasema mbele ya nani. Nyuso zilijifunga kila upande, na Papa Évariste mwenyewe akakohoa.

"Mwanangu," akasema, "tangu nizaliwe sijasikia kama maziwa inaharibu kitu."

Huo ndio ulikuwa uzito wa kesi yangu: Mrega peke yake, uani kwa Mshi, mbele ya hakimu Mshi mwenye ng'ombe, akiyashtaki maziwa. Ningewatukana ng'ombe wao waziwazi ingekuwa afadhali. Basi niliacha maneno. Nilichukua kopo langu nikaliweka miguuni pa mzee.

"Hii njo dawa inanibakilia," nikasema. "Yote. Maman Eulalie atatia yeye mwenyewe, mu maji, kwa mikono yake. Mimi sitakaribia banda, hata kivuli yangu. Wewe papa utakuja kuangalia kila asubuhi. Bakuku bakikufa, nitatoka na hakuna mutu ataniona tena. Bakipona, Maman Eulalie ataenda pale ku robinet ya maji, kwa sauti ile ile, aseme kweli."

"Na bakuku bako?" Papa Évariste akauliza. "Balisha maliza dawa?"

"Bado."

Akaligusa kopo kwa fimbo yake. "Iwe vile," akasema.

Nilisema kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, na nusu ya sauti ile ilikuwa kweli. Unga niliuamini. Lakini kuku wengine wa Eulalie walikuwa wamekwisha kuzama mno katika ugonjwa, na mgonjwa aliyechelewa hufa hata ukimpa dawa ya mfalme. Hilo mkunga hulijua. Nilikwenda kazini, nikarudi, sikutazama banda. Wa kwangu niliwatenga chini ya vikapu, nikawapa maji safi peke yake, nikaomba yale waliyokwisha kunywa yawatoshe.

Asubuhi ya kwanza alikufa mweupe mmoja. Habari niliisikia njiani kabla sijafika bombani. Asubuhi iliyofuata hakufa yeyote. Wala iliyofuata. Papa Évariste alikuja kila siku, akachungulia, akaguna, akaenda zake. Nadhani ilimuuma kuyaona maji yakifanya kazi ile. Kisha alfajiri moja, nikiwa najifunga kitambaa cha kazi, yule jogoo wa Eulalie aliwika. Sauti ilikuwa mbaya, ya kukwama, kama mlango usiotiwa mafuta. Nilikaa kitandani nikashika shavu. Nilikuwa na furaha isiyo na mfano kwa ajili ya jogoo wa mtu aliyeniita mchawi.

Waliobaki wote walipona. Wangu pia, isipokuwa mmoja aliyerudi kuvimba na kufa, yule mweusi mwenye matusi. Nilimzika mwenyewe nyuma ya choo, na sikumwambia mtu.

Sasa nikasubiri. Eulalie alikwenda bombani, akachota maji, akarudi. Alikwenda tena, akarudi. Akaniletea mayai ndani ya sahani, yamefunikwa kwa kitambaa cheupe. Nikayarudisha, kwanza kwa sababu yalikuwa bado na dawa, pili kwa sababu sikudai mayai. Akamtuma Papa Gérard aniambie nisifikirie tena habari ya vyumba, yamekwisha. Nikamwambia asante, papa.

Jumapili nilipotoka misa nilivua mapazia. Nilikunja nguo, nikafunga sanduku. Nilikuwa nimepata chumba kule mtaa wa Nguba, kibaya, chenye unyevu, kwa mtu asiyenijua. Eulalie alikuja akasimama mlangoni, akaona kuta zimebaki wazi.

"Unaenda wapi?"

"Nahama. Uliniambia byumba bibaki wazi."

"Emérence! Ile maneno ilisha pita! Bakuku balisha pona!"

"Bakuku balipona," nikamwambia. "Miye bado."

Nilimjua vya kutosha kuona kwamba kitu kilikuwa kinapanda na kushuka kifuani mwake na hakipati njia. Yeye alikuwa mwenye parcelle, mke wa karani, mama wa kusikilizwa, na mimi mpangaji wake. Nikainama nichukue sanduku. Akaliwahi yeye. Alilinyakua, akajitwika kichwani, akatoka nje.

"Maman Eulalie, uniachie sanduku yangu!"

Alivuka ua, akatoka langoni, akashika njia ya kuteremka kwa hatua kubwa, na nguo zake za kanisani, sanduku langu kichwani, mimi nikimfuata nusu nikikimbia. Watu walitoka kwenye milango. Walifikiri ananifukuza. Mimi mwenyewe nilifikiri ananifukuza.

Bombani foleni ilikuwa ndefu, kama kila Jumapili. Eulalie alitua sanduku chini, pale kwenye matope ya mbele ya bomba, akaliegemea kwa mkono mmoja apate pumzi. Kisha akapaza ile sauti ya kufika ng'ambo ya bonde.

"Bamama, munisikie! Hapa nilisema huyu ni mwizi. Nilisema bongo, haikuwa kweli. Ku kikao nikasema ni mulozi. Nilisema bongo mara ya pili. Bakuku bangu niliua mimi, Eulalie, na mikono yangu na maziwa yangu. Yeye alitoa dawa yake ya mwisho, bakuku bake babakie bila, juu ya bangu bapone. Kuku yake moja ilikufa sababu ya ile. Alizika nyuma ya choo akafikiri sikuona. Niliona!" Hapo sauti ilimkatika, akaishika tena. "Mwenye atasema jina yake mubaya, asikanyage mu parcelle yangu. Na mwenye bakuku yake inavimba, aende kutafuta dawa kwa Citoyen Honoré, ku mji, chini ya étagère ingine, abebe jiwe ya kushikilisha, na karatasi Emérence atamwandikia. Na atie mu maji! Maji tupu!"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja kwenye foleni, yule aliyesogeza kiti, aliniletea ndoo yake na kunisogezea nafasi yake ya mbele, ingawa sikuwa na ndoo wala sikuwa na haja ya maji. Nilitikisa kichwa tu, na machozi yakashuka mbele ya watu wote wa avenue bila kuniomba ruhusa.

"Tunapanda?" Eulalie akaniuliza, sasa kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kwamba anayo.

"Uniletee ile sanduku, ni yangu."

"Nilishusha mimi, nitapandisha mimi."

Akajitwika. Kilima cha Kadutu ni kikali, na ndani ya sanduku mlikuwa na sufuria zangu zote na pasi ya makaa. Alipumua kwa nguvu, akasimama mara kwa mara, na kila aliposimama watu walimsalimu, naye akawajibu na mzigo wangu kichwani. Nilitembea nyuma yake mikono mitupu, polepole, nikimwacha atangulie hadi mlangoni kwangu.